Ubao wa Pipa la Bourbon: Ununue Mzima au Vipande vya Mfukoni?

Karibuni tena ndugu watazamaji. Hapa mezani nina ubao mzima wa pipa la bourbon, ile wisiki ya Kimarekani ya mahindi; ni mwaloni mweupe kutoka Kentucky, na pembeni yake mfuko wa vipande vilivyokatwakatwa tayari. Vyote vinauzwa kwa kazi moja: kutiwa kwenye pombe kali nyeupe ipate rangi na ladha ya pipa. Nasema mapema, chukua ubao mzima.

Sheria ya Marekani inataka bourbon ilazwe kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani. Kwa hiyo pipa la lita 200 likishamwagwa, halirudii kazi ile. Mengi husafirishwa Scotland kulazia wisiki, mengine hupasuliwa, ndiyo haya.

Angalieni huu mkato. Juu kuna makaa meusi. Chini yake mstari mwekundu, hapo sukari ya mti ilipata joto ikawa karameli. Kisha kahawia, halafu rangi inakatika ghafla: bourbon iliishia hapo, ng'ambo yake mti haujaguswa. Hiyo ndiyo mali. Kwenye mfuko huoni chochote cha namna hii, wala hujui kama vipande vilipakwa vanishi vikiwa samani.

Kuuandaa, anza na upande wa nje. Piga randa mpaka utokee mti msafi, hasa palipokaa pete za chuma. Haya madoa meusi yote yaondoke, kwa sababu chuma kikikutana na tanini za mwaloni, yaani ule ukakasi wa mti, pombe inaingia weusi. Upande wa ndani, kwangua makaa ya zamani kwa patasi. Kata vijiti vya unene wa kidole, uvianike vikauke kabisa. Msiruke hapo jamani: mti huu bado una pombe ndani, na mvuke wake unawaka.

Vifunge kwenye foili, oveni nyuzi 190, saa mbili, madirisha wazi. Harufu ya mti mbichi inageuka taratibu kuwa vanila. Ni lignini, kitu kinachoupa mti ugumu, inavunjika. Mwisho choma upande mmoja kwa tochi ya gesi, mbali na pombe, uzime kwa maji.

Mimi natia vijiti viwili kwa lita, kwenye chupa ya kioo, pombe ikiwa na nguvu ya asilimia 55 hadi 60. Onja kila wiki. Ukisikia ulimi unakauka kama umetafuna ndizi mbichi, vitoe siku hiyo hiyo.

Na tuelewane: mwaloni hauondoi methanoli, ile pombe ya sumu. Gongo yenye sumu itabaki na sumu, sasa ikiwa na rangi nzuri. Ndiyo maana nyeupe yangu nanunua dukani, yenye leseni.

Kama huna randa wala msumeno, tafuta vijiti vilivyokatwa ambavyo makaa yake yanaonekana upande mmoja. Huu mfuko wa vipande nawaachia wachoma nyama, moshi wake ni mzuri sana.