Matembezi ya "Geisha Sadayakko" hapa Nagoya: nyota moja, na hiyo ni ya nyumba

Mimi si mtu wa kuandika malalamiko. Fundi alituwekea mashine ya kufulia, ikamwaga maji mpaka kwa jirani wa chini, na bado nikamkaribisha chai. Lakini haya matembezi yamenikaa kooni wiki ya tatu sasa, kama si ya nne, na mume wangu amenikataza kuyataja tena mezani. Basi nayataja hapa.

Tunaishi Nagoya. Yeye yumo kwenye biashara ya magari ya mitumba yanayokuja huko kwenu, mimi natunza wazee. Siku yangu ya kupumzika ni moja kwa wiki, na siku hiyo niliitoa sadaka kwa Sadayakko, maana nilikuwa nimemsoma nikampenda. Nikalipa taslimu kituoni kwa noti ya zamani ya yeni 10,000, ile yenye uso wa Fukuzawa Yukichi. Kumbukeni uso huo, nitaurudia.

Kwa asiyemjua: alikuwa geisha, yaani mwanamke aliyefunzwa kuburudisha wageni kwa ngoma, nyimbo na mazungumzo, kisha akawa mwigizaji. Alizaliwa Tokyo mwaka 1871, akaitwa Sada, kitinda mimba wa watoto kumi na wawili. Mambo ya nyumbani yakaharibika, akapelekwa angali mdogo kwenye nyumba ya geisha, na mwenye nyumba akamfanya mwanawe wa kulea. Huko alifundwa. Nasema alifundwa makusudi, kwa sababu ndilo neno. Mwali kwetu anakabidhiwa kwa somo yake akatoka na adabu za ndani. Huyu alikabidhiwa kwa miaka. Ngoma, sauti, shamisen ambayo ni kama gambusi la nyuzi tatu, namna ya kumimina, namna ya kukaa, lini useme na lini umwache mgeni ajione yeye ndiye mwenye akili. Akatoka akiitwa Yakko; liunganishe na Sada, ndiyo Sadayakko. Mpanda farasi pia, katika Japani ya wakati ule!

Tulikuwa watu tisa, kila mmoja na kidude cha kusikilizia sikioni, na kijana wa kampuni mbele na kibendera chake. Njiani alikuwa sawa tu. Alitembea upesi mno, lakini sawa. Tukaingia kwenye nyumba yenyewe, ile ya paa jekundu aliyokaa na Fukuzawa Momosuke kuanzia miaka ya 1920, ambayo baadaye ilihamishwa na kujengwa upya mtaa wa pili na sasa ni makumbusho. Momosuke walimwita mfalme wa umeme; mabwawa ya mto Kiso ni kazi yake. Ndani kuna ubao wa swichi wa marumaru, mkubwa kama kabati la vyombo, wa kuonyesha nguvu za mwenye nyumba. Yule kijana akasimama pale. Akaugonga kwa kucha, akatabasamu, akasema: "Waziri mkuu ndiye alimwasha, huyu mwenye umeme akaja kulipa bili. Kwa lugha nyepesi, alikuwa malaya wa bei mbaya."

Watu wakacheka. Si wote. Wengi.

Nikanyoosha mkono. Nikamwambia kwa heshima, wallahi kwa heshima, kwamba hajataja hata kazi moja ya Sadayakko, na je, atatueleza habari ya Boston? Akaweka kidole mdomoni. Mimi, mama wa watoto watatu, nimewekewa kidole kama niko chekechea. "Tuna dakika arobaini tu," akasema, na ndani ya sikio langu nikasikia pumzi yake ya kucheka, kwa sababu kile kidude kinaleta kila kitu.

Basi Boston naieleza mimi, bila malipo.

Miaka ya 1890 aliachana na ugeisha, akaolewa na Kawakami Otojiro, mwigizaji na mtunzi wa nyimbo za kuwachamba wakubwa. Mwanamume mwenye moto, lakini wa hasara. Alijenga ukumbi wa maonyesho, ukamzamisha kwenye madeni. Akagombea ubunge, akashindwa, akarudia, akashindwa tena. Halafu akamtia mkewe kwenye kamashua, wakakimbia kufuata pwani katikati ya baridi. Mwaka 1899 wakavuka na kundi lao hadi San Francisco. Sadayakko hakwenda kuigiza. Kwao wanawake walishafukuzwa jukwaani tangu marufuku ya 1629, wanaume ndio waliocheza nafasi za kike. Kufika kule anaambiwa watazamaji wanataka kuona mwanamke. Akapanda. Fedha zao zikaibwa na waliyemkabidhi mapato. Walipofika Chicago walikuwa na njaa ya kuangukia jukwaani, na watazamaji wakapiga makofi wakidhani kuanguka ni sehemu ya mchezo. Na Boston waigizaji wao wawili, wanaume waliokuwa wakicheza wanawake, walikufa. Sababu inayotajwa ni madini ya risasi yaliyokuwa kwenye ile poda nyeupe ya uso.

Wenzio wawili unawazika ugenini kwa ajili ya poda, kesho yake unajipaka uso na kupanda. Hiyo ndiyo bei mbaya, mwanangu mwenye kibendera.

Mwaka uliofuata walikuwa London, kisha Paris kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1900, katika ukumbi wa Loie Fuller, mcheza ngoma wa Marekani, na jiji likapagawa. Picasso, kijana bado, alimchora. Wanawake wa Paris wakanunua kimono zenye jina lake. Puccini, mtunzi wa opera wa Italia, alikwenda kumtazama Milan wakati anatunga opera yake ya Kijapani. Akarudi kwao, 1903 akacheza Desdemona, mke wa Othello katika mchezo wa Shakespeare, na 1908 akafungua shule ya kuwafundisha wasichana uigizaji, magazeti yakimchapa matusi. Shule! Haya yote kijana aliyaweka kwenye "pia alikuwa msanii kidogo".

Sasa niseme kwa nini nilipandwa na mori kiasi kile, maana mume wangu anasema nilizidisha. Bibi yangu mzaa mama aliimba taarabu Tanga. Akisimama, watu wanakwenda kumtuza, noti zinabandikwa kwenye paji la uso, wanaume kwa wanawake. Asubuhi walewale waliomtuza wanapita barazani wanamwita lile neno alilolisema yule kijana. Alikufa nalo. Siti binti Saad mwenyewe, aliyetoka kuuza vyungu hadi sauti yake ikaenda kurekodiwa Bombay 1928, walimtungia kejeli za sura na za ukoo. Kwa hiyo neno hilo nalijua harufu yake. Huwa linatoka kwa mtu aliyekuja kutazama.

Lakini nikiwa mkweli, na nimelala nalo hili, siwezi kusema kijana alibuni. Waziri mkuu alikuwepo. Ito Hirobumi, wa kwanza wa Japani, alimgharamia, na ndiye alikuwa bwana wake wa kwanza. Alimzidi miaka thelathini. Yeye alikuwa kigori. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Mambo yalipangwa na watu wazima kwa hesabu. Mimi ninayempamba hapa kwa maneno ya somo na mwali, je, nami si nafunika kitu? Labda. Labda kijana, kwa mdomo wake mchafu, alikuwa karibu na jambo ambalo vibao vya ukutani hulisema kwa kunong'ona. Hapo nikafikiria nyota mbili.

Halafu nikakumbuka kwamba hakulisema kwa kumhurumia yule binti. Alilisema ili wachekeshwe watu wanane. Nyota mbili nimezifuta.

Na Momosuke? Walijuana ujanani, Momosuke bado mwanafunzi, inasemekana alimwokoa Sadayakko barabarani, binti yuko juu ya farasi na mbwa wamemzunguka. Wakapendana, kisha kijana akachukuliwa kuwa mkwe wa Fukuzawa Yukichi, mwenye uso wa noti yangu, akaoa binti wa watu. Zaidi ya miaka ishirini ikapita. Otojiro akafa 1911, na hatimaye hawa wawili wakaja kukaa pamoja hapa Nagoya, mke wa ndoa akiwa Tokyo. Mseme mtakavyo. Mimi mwenyewe sijui nisemeje, nina mume na nisingependa. Ila mwanamke huyo hakuja kulipiwa bili: alikuwa na jina lake, na fedha alizozitolea jasho mabara matatu.

Wenzangu walipoondoka nyuma ya kibendera mimi nilibaki. Nikavua kidude, nikakaa mbele ya vioo vya rangi vya ukumbi mkubwa, wale wanawake wanaocheza ngoma, jua la alasiri limewapita likaanguka kwenye sakafu na kwenye viatu vya ndani walivyoniazima. Bibi mmoja anayejitolea pale akaja taratibu, akainama, nami nikainama kama ninavyowainamia wazee wangu wa kazini. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia. Akasema alinisikia nikiuliza habari za Boston. Kisha akanyanyua mkono wa kulia, mkono wa mtu wa miaka themanini na kitu, akakizungusha kiganja mara moja kama mwenye kufungua kipepeo cha kujipepea, akarudi kwenye kiti chake. Hakusema zaidi. Nililia, sioni haya.

Kampuni niliwaandikia. Walijibu siku ya pili kwa adabu nyingi za Kijapani, wakaniomba radhi kwa "usumbufu wa sauti kwenye kifaa". Kifaa! Kifaa ndicho kitu pekee kilichofanya kazi. Na ili kunifariji wamenitumia vocha ya matembezi yao mengine, ya usiku, Kyoto, "kuwafuata geisha wa Gion", mtaa wa geisha wa huko. Kuwafuata. Wanawake wanaotoka kazini, na watu tisa nyuma yao na simu mkononi.

Msiende na hawa. Nyumba nendeni peke yenu, na msiharakishe.

Vocha inaisha mwisho wa mwezi. Mume wangu ameshaangalia saa za treni, anasema Kyoto hajawahi kuiona usiku. Sijamjibu.