Siku mbili Entroncamento, mji uliozaliwa na reli: uzoefu wangu

Nimekulia kota za reli Tabora. Baba alikuwa gadi wa treni, na usingizi wetu wote tuliupata katikati ya honi na mabehewa yakigongana yadi usiku. Kwa hiyo nilipopata kazi ya wiki moja Lisbon na kubakiwa na siku mbili za mapumziko, sikutaka ufukwe. Nilitaka kwenda Entroncamento, mji mdogo wa Ureno.

Wengi waliowahi kupita huko wanaujua kama mahali pa kubadilisha treni tu. Mwenzangu wa kazini, Mreno, alishangaa kabisa: "Unakwenda kulala kule? Kufanya nini?" Nimeandika haya kwa sababu ya swali hilo.

Jina lenyewe maana yake ni makutano ya reli, yaani njiapanda. Sisi tunayo Njiapanda yetu kule Moshi, basi ndiyo hivyo hivyo. Mwaka 1862 reli iliyotoka Lisbon ilifika hapa, palipokuwa mashamba matupu, na hapa ndipo njia zilipoachana: moja kwenda mashariki hadi mpaka wa Uhispania, nyingine kupanda kaskazini kuelekea Porto. Palihitajika watu wa kubadilisha njia, kujaza maji vichwa vya mvuke, kutengeneza mabehewa. Watu wakahitaji nyumba, nyumba zikahitaji shule na duka. Wilaya yake ilianzishwa mwaka 1945, ikapewa hadhi ya jiji 1991, na mpaka leo eneo lake lote halifiki kilomita za mraba 14, na wakazi kama elfu ishirini. Tabora ilikuwa mji mkubwa wa misafara miongo mingi kabla reli haijafika mwaka 1912. Hapa reli ndiyo iliyotangulia, mji ukafuata.

Usafiri haukunisumbua. Nilipanda treni ya masafa ya kati kwenye stesheni ya Santa Apolónia, Lisbon, ikatumia kama saa moja kwa kilomita 107 hivi. Treni za mikoani ni za bei nafuu zaidi, zinasimama vituo vingi, na kama huna haraka ndizo nzuri, kwa sababu njia inaandamana na mto Tejo na unaona mashamba mapana ya Ribatejo yakipita polepole.

Malazi ndipo nilipoumia. Chumba nilikikodi mtandaoni, na tangazo lilisema ni dakika tano kwa miguu kutoka stesheni. Nilitembea dakika ishirini na tano, na sanduku, mwezi wa Julai, jua likichoma kama la Dodoma mwezi wa kumi. Mwenye nyumba nilipomweleza alijibu kwamba dakika tano ni kwa gari. Hiyo si haki kwa mgeni. Angalieni ramani wenyewe kabla ya kulipa.

Sasa nije kwenye Makumbusho ya Taifa ya Reli, ambayo iko hapo hapo ng'ambo ya njia za stesheni, ndani ya majengo ya zamani ya reli yenyewe. Tengeni nusu siku nzima, na msiende Jumatatu maana hufungwa. Kuna kichwa cha mvuke kinachoitwa D. Luís, kilichotengenezwa Manchester na Beyer Peacock mwaka 1862, mwaka uleule reli ilipofika hapa. Nyuma yake kuna behewa la Malkia Maria Pia, la hariri na mbao zilizong'arishwa mpaka unajiona. Hapa pia ndipo maskani ya treni ya marais, ambayo safari yake ya mwisho ya kiserikali ilikuwa kulibeba jeneza la Salazar, aliyekuwa dikteta wa Ureno, mwaka 1970.

Lakini mimi nilisimama muda mrefu zaidi mbele ya kabati dogo la vioo. Ndani yake mlikuwa na filimbi, taa ya mafuta yenye kioo chekundu na kijani, na bendera mbili zilizokunjwa kwenye vijiti vyake. Nyekundu ilikuwa imefifia upande mmoja tu, upande uliokuwa nje ilipokunjwa. Ya baba ilififia hivyo hivyo. Aliiviringisha kila jioni kwa mkono wa kushoto na kuifunga kwa kamba ya kiatu.

Mzee mmoja wa pale aliniona nimeganda, akaja. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na Kireno changu hakuna. Akanyoosha kidole: "Bandeira." Nikamwambia: "Bendera." Akadhani narudia vibaya, akanisahihisha. Nikasema hapana, ni Kiswahili, kwetu ndilo neno. Akakaa kimya kidogo, kisha akagonga meza ya tikiti: "Mesa?" Meza! "Copo?" Kopo! "Vinho?" Mvinyo! Tulicheka mpaka mlinzi akageuka. Shuleni tulifundishwa kwamba maneno haya yaliachwa pwani na Wareno, na historia ile ina Ngome ya Yesu na mizinga na vilio vingi. Kuyasikia kwa mtu wa reli, juu ya bendera ya gadi, ilikuwa kitu kingine kabisa kwangu.

Pale pale nikampigia baba kwa video.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Uko wapi huko, mbona kama karakana?"

Nikamwonyesha jengo la vichwa, lenye sahani kubwa ya chuma sakafuni ambayo hukizungusha kichwa cha treni na kukielekeza kwenye njia yake. Hakujali behewa la malkia hata kidogo. Alitaka kujua upana wa reli. Nikamsomea: milimita 1668. Yetu ya zamani ni mita moja kamili, na reli mpya, SGR, ni 1435. Akapiga mluzi. "Hapo behewa halikuyumbishi. Shusha simu nione mataruma."

Jioni nilizunguka mitaa ya wafanyakazi wa reli. Mtaa wa Camões, uliosanifiwa na Cottinelli Telmo miaka ya 1920, una nyumba za chini zenye bustani ndogo, na shule yake. Limebaki pia jengo la duka la vyakula la kampuni, ambako familia za reli zilikuwa zikinunua mahitaji. Ni kota, jamani. Ni kota kabisa, zenye maua tu zaidi. Na ukikaa mkahawani utasikia habari za "maajabu ya Entroncamento": magazeti ya zamani yalikuwa yakiripoti kutoka hapa maboga makubwa kupita kiasi na viroja vya kila aina, hata Wareno wote wakafanya msemo.

Siku ya pili nilipanda treni ya njia ya Beira Baixa hadi kituo kidogo cha Almourol, kama robo saa. Kutoka hapo unatembea hadi mtoni, na katikati ya Tejo, juu ya kisiwa cha mawe, kuna ngome iliyojengwa upya na Gualdim Pais, mkuu wa mashujaa wa Hekalu (Templar, watawa wapiganaji wa Kikristo) nchini Ureno, mwaka 1171. Mashua ndogo inakuvusha. Treni zinazosimama hapo ni chache, kwa hiyo jua ya kurudia kabla hujashuka. Tomar, yenye monasteri ya Kristo, nayo inafikika kwa treni bila shida, ila mimi sikuwa na siku ya tatu.

Kama ni mpita njia tu wa Ureno na una siku chache, labda Entroncamento haitakutosha peke yake. Iunganishe na Almourol au Tomar. Kama una mzee wa reli nyumbani, usiipite. Makumbusho naipa nyota tano, mji nne, kile chumba moja. Epukeni Julai na Agosti. Novemba, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Martin, Golegã iliyo jirani hufanya maonyesho ya taifa ya farasi, na hali ya hewa ni ya kuvaa sweta. Ndio mwezi nilioujaza kwenye fomu ya viza ya baba.