Seti ya samoni kwenye Ziwa Victoria: kinachofaa na kinachobaki stoo

Hii ni seti ya kukokotea chambo nyuma ya boti, iliyobuniwa kwa samoni wa maziwa makubwa ya Marekani, nami naitumia kwa mbuta (sangara) upande wa Kenya, kule Mbita, Rusinga na Mfangano. Chapa siitaji, maana seti za aina hii zinafanana sana: rodi mbili za futi 8 na nusu, rili mbili zenye kihesabu mshipi, nailoni ya ratili 20, winchi ndogo ya kushushia chubwi la ratili 10, sahani za kung'aa za kumvuta samaki na kisanduku cha vijiko vya chuma, yaani chambo bapa vyenye ndoano. Naipa nyota tatu kati ya tano. Zote tatu ni za rili.

Kihesabu ndicho kitu ambacho rili za kawaida hazina, na kwa mbuta kina thamani kubwa. Samaki akigonga chambo kikiwa mita 35 nyuma ya boti, unataka kukirudisha mita 35, si "hapo karibu na hapo". Ila namba ile haipimi mshipi wenyewe. Inahesabu mizunguko ya ngoma, na imepangwa kwa ngoma iliyojaa. Ngoma ikiwa nusu, kila mzunguko hutoa mshipi mfupi zaidi, kwa hiyo namba itasoma mingi kuliko iliyotoka. Tena namba ni za futi: 100 ni kama mita 30 na nusu. Kabla ya kwenda ziwani, funga mshipi kwenye mlingoti wa goli uwanja wowote wa mtaani, pima mita 30 kwa futi kamba ya fundi, tembea nazo, kisha soma. Chochote kitakachosomeka, kiandike kwenye kipande cha selotepu na ukibandike ubavuni mwa rili. Rudia kila ukibadilisha mshipi.

Nailoni iliyokuja nayo itoe. Ya ratili 20 ni nyembamba kwa mbuta wa mawe, na inavutika mno: mita 40 nyuma ya boti ndoano haiingii vizuri kwenye taya gumu. Weka mshipi wa kusuka wa ratili 50, mita 250 kwa kila rili, lakini usiuanze moja kwa moja kwenye chuma cha ngoma. Mshipi wa kusuka hauna mshiko. Samaki akivuta kwa nguvu, furushi zima linazunguka juu ya ngoma na utadhani breki imekufa. Chini yake lazima kuwe na nailoni. Kiasi gani? Kwa kuwa rili ni mbili na zinafanana, kazi ni rahisi. Kwenye rili ya kwanza zungusha mshipi wa kusuka kwanza, kisha endelea na nailoni juu yake mpaka ngoma ibakize milimita 3 kufika ukingoni. Halafu hamishia yote kwenye rili ya pili, huku ukihesabu mizunguko ya mkono mpaka nailoni iishe. Nailoni inaangukia chini, wa kusuka juu, na ngoma imejaa sawasawa. Rili ya kwanza sasa iko tupu. Iwekee nailoni kwa mizunguko ileile na umalizie na mshipi wa kusuka.

Breki iwekwe kwa mizani, si kwa kukisia. Mizani ya kuning'iniza kama ya wanunuzi wa vyuma chakavu inatosha kabisa. Funga mshipi kwenye ndoano ya mizani, mwenzio ashike rodi ikiwa imeinama, vuta mpaka rili ianze kutoa. Mimi naweka kilo 5. Kuzidisha hapo ni kuzinyoosha ndoano. Kupunguza sana ni kumwachia mbuta muda wa kurudi kwenye mawe yake.

Rodi ndizo zilizoniudhi. Rodi ya samoni ni laini kwa makusudi: inafungwa kwenye winchi ikiwa imepinda nusu duara, na chubwi likiachia mshipi, rodi inajinyoosha na kukaza uzi. Kwa chambo cha plastiki chenye ulimi mpana wa kukizamisha, ulaini huo ni hasara. Chambo cha sentimita 16 kinavuta maji kiasi kwamba ncha imelala muda wote, huwezi kuona kama kinatetema au kimebeba gugumaji. Na ule mtetemo ndio taarifa pekee uliyonayo. Ncha ikitikisika kwa mpigo mmoja usiobadilika, chambo kinafanya kazi. Mtikisiko ukififia, vuta uangalie, kuna jani. Tafuta rodi za futi 6 hadi 7 za daraja la ratili 30 hadi 50. Rodi za samoni ziuze kwa mtu mwingine.

Winchi na chubwi lake vimebaki stoo, na sababu si ubovu. Samoni hufuata maji baridi ya nyuzi 12 hivi, na wakati wa kiangazi cha Marekani maji hayo yako chini sana. Bila chubwi humfikii. Ziwa Victoria juu lina joto la nyuzi 25 hivi mwaka mzima, na kule vilindini, miezi ambayo maji hayachanganyiki, hewa ni haba, kwa hiyo mbuta hana sababu ya kujificha huko. Sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam kina chake ni kifupi hata hivyo. Kisha kuna nyavu. Chubwi linaloning'inia kwenye waya wa chuma litakamata wavu wa mtu au kamba ya nanga ya kizimba cha ngege (tilapia), na hapo kitakachokatika si waya wako. Wenye mali hawachelewi kufika. Ulizia watu wa BMU (kamati ya usimamizi wa ufuo) ufuoni nyavu zimetegwa wapi hata kama hutumii chubwi. Boya la wavu mara nyingi ni chupa ya plastiki tu, nayo kwenye mawimbi haionekani.

Badala ya winchi, acha ulimi wa chambo ufanye kazi. Kwenye chambo cha Rapala X-Rap Magnum namba ni kina kwa futi: 15, 20, 30, yaani kama mita 4 na nusu, 6 na 9. Nina ya 20 na ya 30, zinatosha karibu kila ncha ya mawe tunayopita. Mwendo ni kilomita 4 hadi 6 kwa saa, na GPS ya simu inaupima vizuri. Injini ya nguvu-farasi 15 ikiwa chini kabisa huangukia humohumo, ikitegemea uzito wa boti. Kuachia mshipi zaidi hakumaanishi kina zaidi. Ukishapita kiwango fulani, mshipi wenyewe unasukumwa na maji na kukiinua chambo. Cha ulimi mrefu nakiacha mita 25 hadi 30, cha kina kifupi mita 40. Kilicho chini kikae karibu na kilicho juu kikae mbali, ndipo visisokotane kwenye kona. Kona zenyewe ziwe pana. Zinafundisha pia: chambo cha upande wa nje hukimbia, cha ndani hupunguza mwendo na kupanda. Ukigongwa upande wa nje mara kwa mara, ongeza mafuta kidogo.

Chambo kipya kijaribiwe ubavuni mwa boti kwanza. Kikija kwako kikielekea kushoto kwako, shika pete ya puani kwa koleo na uipinde kidogo sana kuelekea kulia kwako. Upana wa kucha ni mwingi mno.

Kati ya mshipi na chambo weka kipisi cha nailoni nene ya ratili 80 hadi 100. Mbuta hana meno ya kukata. Mdomo wake ni kama msasa, na kifuniko cha shavu kina makali. Waya wa chuma hauhitajiki na unaua mchezo wa chambo. Watu wengi hufunga kipisi moja kwa moja kwenye mshipi, fundo lipite ndani ya pete za rodi. Kwenye rili hizi usijisumbue: tundu la kile kifaa kinachopanga mshipi ni jembamba, na fundo litagonga kila likipita hadi liachie. Tumia kizungushio cha kubeba ratili 100 na kipisi cha mita 1 na nusu, kisizidi urefu wa rodi, maana kizungushio kitakwama nchani na samaki lazima afike mkononi.

Sahani za kung'aa zinategemea samaki aone mbali. Maji ya ghuba ni ya tope. Chambo chenye kichwa chekundu na mwili mweupe, au cha rangi ya machungwa, kimenifaa zaidi. Vijiko vya chuma si vibaya, ila ndoano zake ni nyembamba. Badilisha ziwe za pembe tatu zenye alama 4X (za waya mnene) pamoja na pete zake, kisha virushe kutoka kwenye mawe.

Vishikio vya rodi vya seti ni vya kubana kwenye ukingo bapa wa boti ya fiberi. Ukingo wa boti ya mbao ya Mbita ni mnene na umepinda, havikai. Fundi wa Kamukunji alinichomelea vya paipu ya mabati ya inchi 2, na ukikata mlango wa kuingilia shingo ya rili mpe rili yenyewe apimie. Vifungwe kwa bolti kwenye taruma (mbavu za boti), usitumie skrubu kwenye ubao wa pembeni; kilo 5 za breki na urefu wa rodi vinaung'oa. Funga pia kila rili kwa kamba fupi.

Kusafirisha kutoka Nairobi: paipu ya PVC ya maji taka ya inchi 4, kifuniko kimoja kikiwa na gundi na kingine cha kusukuma, sponji chini. Inaingia juu ya basi la Mbita bila wasiwasi, na kwa ndege ya Kisumu ndoano zote ziende kwenye mzigo wa chini. Rodi ya kipande kimoja cha futi 7 kondakta wa matatu atakulipisha kiti chake.