Shule ya urubani hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi: ndege safi ila walimu wanachoshwa

Nawapa nyota 3 kwa 5. Ndege zao ndogo za Cessna 172 ziko poa, zinatunzwa, redio zinasikika vizuri, hapo sina neno. Shida ni vile walimu wanafanyishwa kazi. Instrakta wangu anafika kabla ya saa 12 asubuhi juu hiyo ndo saa hewa imetulia, Wilson iko kama futi 5,500 juu ya usawa wa bahari na jua likishawaka mchana injini inapungua nguvu na ndege inarushwarushwa, sasa akimalizana na mimi kuna mwingine anangoja, alafu mwingine, na katikati ni kukaa tu mkisubiri mawingu yapande na huko kusubiri hakulipwi, analipwa saa za injini kuzunguka peke yake. Brifingi (maelezo ya kabla na baada ya kuruka), makaratasi, kumtuliza mwanafunzi aliyefeli, zote bure. Mvua za Aprili zikikolea anaweza kushinda uwanjani siku nzima arudi nyumbani mkono mtupu, na ana watoto!!

Marekani sheria inasema mwalimu asifundishe angani zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24, lakini hata hiyo haihesabu saa anazoshinda chini. Wengi wanavumilia tu wajaze logibuku (daftari la saa za kuruka) wahamie mashirika makubwa, ndo maana unabadilishiwa mwalimu katikati ya kozi mnaanza kuzoeana upya na hela inayoenda ni yako.

Kufundisha wanajua jamani, wana subira sana. Uongozi wapeni mshahara wa mwezi na siku ya kupumzika. Wanaotaka kujiunga, bukini asubuhi mapema.