Zabbix ndani ya VirtualBox, hotelini Raskazone: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, maana najua wengi mtasoma hapa juu tu na kuondoka. Kwa hoteli ndogo, shule au ofisi yenye rauta moja, swichi kadhaa na visambaza Wi-Fi vya kuhesabika, Zabbix, programu ya kufuatilia hali ya vifaa vya mtandao usiku na mchana, inafaa ikiwa kwenye ile mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine kwa programu kama VirtualBox) iliyofungashwa tayari, na hulipii leseni. Kazi ngumu haimo ndani ya Zabbix. Imo kwenye kompyuta utakayoipandisha, kwenye nyaya, na kwenye umeme wa jengo. Nimeiweka kwenye hoteli moja ninayoihudumia Raskazone, hapa Tanga, na mpaka leo inafanya kazi.

Hoteli ile ilikuwa na kesi isiyokwisha. Wageni wanalalamika kwamba Wi-Fi inakatika, hasa wale wanaokaa bustanini kuelekea baharini. Mapokezi wanailaumu kampuni inayoleta intaneti. Kampuni ikipigiwa simu inasema laini yao haina tatizo, kagueni vifaa vyenu vya ndani. Mimi nikifika na laptop yangu, kila kitu kinakwenda. Meneja, mama mpole lakini asiyependa hadithi, akaniambia, "Fundi, ukiwepo mtandao mzima. Ukitoka getini tu, wageni wananijia juu." Hakukuwa na la kumjibu. Alihitajika shahidi wa kukaa pale usiku na mchana, asiyekwenda kula wala kulala.

Zabbix ilianzishwa na Alexei Vladishev wa Latvia. Toleo la kwanza la wazi lilitoka mwaka 2001, na kampuni yenyewe ikaundwa Riga mwaka 2005. Ni programu huria; kuanzia toleo la 7.0 la mwaka 2024 inatumia leseni ya AGPLv3. Ukitaka kuiweka kwa njia ndefu, unaandaa seva ya Linux, hifadhidata, PHP, seva ya wavuti, halafu unaviunganisha. Njia fupi ni hiyo mashine pepe: AlmaLinux, MySQL na Zabbix vimeshapangwa ndani, na mafaili yapo ya VirtualBox, VMware, Hyper-V na KVM. Mahitaji yake ni madogo: RAM ya GB 1.5, kori mbili za prosesa, na nafasi ya diski GB 8. Mimi niliipa RAM ya GB 4 kwa kuwa ilikuwepo. Waandishi wake wenyewe wanasema wazi kwenye maelezo kwamba haikukusudiwa kwa kazi nzito za uzalishaji, na nadhani wako sahihi. Benki isijaribu. Hoteli ya bustani na bwawa la kuogelea ni habari nyingine.

Kompyuta niliyopewa ilikuwa ya zamani, ya Windows, imetolewa ofisi ya mhasibu baada ya yeye kununuliwa mpya. Kuingiza faili la OVF, yaani la mashine pepe yenyewe, kwenye VirtualBox ni kubofya tu. Kuiwasha ndiko kulikoleta ujumbe kwamba VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka. Mashine nyingi za maofisini hutoka hivyo: prosesa ina uwezo, ila swichi yake imefungwa. Unaingia BIOS, unatafuta sehemu ya prosesa au usalama, unawasha VT-x (kwa AMD inaitwa SVM au AMD-V), unahifadhi, unazima kabisa na kuwasha upya. Ikiwaka lakini inajikokota, angalia chini ya dirisha la VirtualBox. Ukiona alama ya kobe wa kijani, ujue Hyper-V, mfumo wa Windows wenyewe wa kuendesha mashine pepe, imeshika usukani na VirtualBox imekuwa abiria. Zima Hyper-V, pamoja na ile kinga ya Windows iitwayo Memory integrity, na kobe ataondoka.

Jambo linalowakwamisha wengi, na nimelijibu mara nyingi kwenye makundi ya mafundi wenzangu, ni anwani. Mashine inawaka, unaingia kwa root (mtumiaji mkuu wa Linux) na neno la siri zabbix, unaandika ip addr, unapata 10.0.2.15. Ukiiandika kwenye kivinjari cha kompyuta nyingine, kimya. Hiyo si hitilafu. VirtualBox huanza na mfumo wa NAT, kwa hiyo mashine pepe inaweza kutoka nje lakini hakuna wa kuifikia ndani. Nenda kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao, chagua Bridged Adapter, halafu chagua kadi ya kebo. Usichague ya Wi-Fi hata kama inaonekana kukubali, kwa sababu kuunganisha kwa daraja juu ya Wi-Fi kuna visa vingi. Baada ya hapo rauta ya hoteli itaipa anwani kama inavyompa mgeni yeyote. Ifunge anwani hiyo kwenye rauta kwa kutumia namba ya MAC, ile ya kudumu ya kadi ya mtandao, la sivyo siku rauta ikizimwa utaanza kuitafuta Zabbix upya.

Kwenye kivinjari unaingia kwa Admin, herufi kubwa mwanzoni, na neno la siri zabbix. Yabadilishe yote mawili siku hiyohiyo, la wavuti na la root. Maneno hayo yanajulikana dunia nzima, na hoteli ni mahali ambapo mtu usiyemfahamu analala ndani ya mtandao wako.

Kuhusu saa nina la kusema, maana lilizua mjadala. Mashine hii huja na saa ya UTC, yaani nyuma yetu kwa saa tatu. Nilimwonyesha meneja tukio la mtandao kukatika, limeandikwa 17:00. Akaniambia, "Saa kumi na moja jioni nilikuwa hapa mapokezi mwenyewe, na mtandao ulikuwa unakwenda." Alikuwa sahihi kabisa. Tukio lilikuwa la saa mbili usiku. Amri ni timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, kisha unahakikisha mipangilio ya saa kwenye kiolesura cha wavuti haipingani nayo. Fanya hivi kabla ya kumwonyesha bosi grafu yoyote, kwa sababu ushahidi wenye saa isiyo sahihi unakuharibia jina.

Baadaye ndiyo ikaja SNMP, lugha ambayo vifaa vya mtandao hutumia kujieleza. Kwenye rauta yetu ya MikroTik unaiwasha chini ya IP, SNMP. Jina la kamyuniti, ambalo ni kama neno la siri la SNMP, huanza na public; weka lako, na uruhusu anwani ya Zabbix pekee. Kwenye Zabbix unaunda kifaa, unakipa templeti ya MikroTik (seti ya vipimo na kanuni za tahadhari zilizoandaliwa tayari), unaandika kamyuniti yako, unasubiri. Kisanduku chenye neno SNMP kikigeuka kijani mmeelewana. Kikiwa chekundu, kabla ya kuilaumu Zabbix, jaribu snmpwalk, amri ya kukiuliza kifaa kwa SNMP, kutoka kwenye laptop yako ukiwa umeiruhusu kwa muda. Ikijibu laptop na isijibu Zabbix, tatizo liko kwenye orodha ya anwani zilizoruhusiwa au kwenye kamyuniti uliyoiandika. Isipomjibu yeyote, angalia kama mlango wa UDP 161 umefungwa njiani. Pia tumia toleo la 2c, si la 1. Kaunta za zamani za biti 32, zinazohesabu data inayopita, hujaa na kuanza sifuri baada ya GB 4 na kidogo. Kwenye laini ya Mbps 100 inayofanya kazi kwa nguvu zote hiyo ni chini ya dakika sita, na grafu yako itakuwa uongo mtupu. Toleo la 2c linakupa kaunta za biti 64.

Swichi za bei nafuu zinazouzwa madukani Ngamiani hazijui SNMP kabisa. Hizo hazina hata anwani, kwa hiyo unachoweza ni kupingi kilicho nyuma yake, yaani kukitumia pakiti ndogo uone kama kinajibu, na kukisia. Vifaa nilivipa majina yanayoeleweka na kila mtu pale: Bustani, Mapokezi, Ghorofa ya Pili, Jikoni. Kiolesura ni cha Kiingereza, lakini dada wa mapokezi akiona Bustani imewaka rangi hana haja ya tafsiri.

Sasa ile kesi. Kwa muda niliona pingi za Bustani ni nzuri, hakuna tahadhari ya kukatika. Ila kulikuwa na tahadhari nyingine ikijirudia, ya kiwango cha chini, inayosema kifaa kimewashwa upya na kina chini ya dakika kumi tangu kiwake. Inaonekana alfajiri, inaonekana tena jioni. Kwa nini pingi hazikusema? Kwa sababu kanuni ya templeti inatangaza kifaa hakipatikani pale majibu matatu ya mfululizo yanapokosekana, na pingi huenda kila dakika moja. Kisambaza Wi-Fi kikizima na kuwaka ndani ya dakika mbili kinapenya katikati ya kanuni hiyo. Ile ya upotevu wa pakiti nayo inataka upotevu uzidi asilimia 20 kwa dakika tano nzima. Mgeni aliye kwenye simu ya video hasubiri dakika tano. Yeye ameshakatika na ameshakasirika. Anayesema ukweli hapa ni muda wa kuwaka, ile kaunta inayohesabu tangu kifaa kilipopata umeme. Ndiyo ninayoiangalia kwanza siku hizi kwenye mtandao wowote. Kumbuka tu kwamba kaunta hiyo hujaa na kurudi sifuri kila baada ya siku 497, kwa hiyo kifaa kilichotulia mwaka na zaidi kinaweza kukuletea tahadhari ya bure.

Nikachukua saa za kuzimika, nikaenda kwa mzee wa bustani. "Shikamoo mzee, pampu ya maji unaiwasha saa ngapi?" Marahaba, akanijibu, alfajiri kabla wageni hawajaoga, na jioni kujaza tangi. Adapta ya PoE, inayopeleka umeme kwa waya wa mtandao, ya kisambaza cha bustani ilikuwa imechomekwa kwenye laini moja na pampu. Mota ikianza kuvuta, umeme unashuka kwa nukta, taa zinakonyeza, kisambaza kinazimika. Fundi umeme alihamishia adapta kwenye laini ya mapokezi yenye UPS, na tahadhari ile ikakoma. Tulipofungua kasha la nje tukakuta plagi ya RJ45 imeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari, tukaikata na kubana nyingine, safari hii ndani ya kasha lenye mpira. Kwa wenzangu wa pwani: plagi za nje ni za kukaguliwa kila msimu wa kusi ukipita.

Kampuni ya intaneti haikutoka safi pia. Niliweka pingi ya kwenda 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti, na nyingine ya kwenda rauta yao ya kwanza, na usiku majibu ya zote mbili yalikuwa yakipanda juu ya milisekunde 150 huku laini yetu haijajaa. Nikawatumia grafu zote tatu pamoja, za pingi hizo mbili na ya matumizi ya laini yetu. Mazungumzo yalibadilika sauti, wakaja kurekebisha upande wao.

Yapo mawili yasiyonifurahisha, na yote yanatokana na kuweka kitu hiki kwenye kompyuta moja ya ofisini. Umeme ukikatika na kurudi, Windows inaweza kuwaka lakini mashine pepe haiwaki yenyewe. Nimeweka kazi kwenye Task Scheduler inayoita VBoxManage startvm kwa --type headless, na kwenye BIOS nimewasha ile ya kompyuta kujiwasha umeme unaporudi. UPS ni lazima, kwani MySQL kuzimwa ghafla kila mara ni kucheza na data. Mara kwa mara naizima mashine kwa utaratibu na kunakili faili lote la diski kwenye hard diski ya nje.

La pili ni tahadhari za Telegram. Zinafanya kazi vizuri, isipokuwa tatizo lenyewe likiwa intaneti, kwani taarifa ya kukatika itabidi ipite njia iliyokatika. Unaipata yote kwa mkupuo laini ikirudi, ukiwa umeshapigiwa simu na hoteli nzima. Suluhisho langu ni la kienyeji: kompyuta ya mapokezi ina kivinjari kilichofunguliwa kwenye Zabbix, na kwenye wasifu wa mtumiaji nimewasha ujumbe wenye mlio. Hiyo haihitaji intaneti, mtandao wa ndani unatosha. Dada wa mapokezi aliomba mlio upunguzwe kwa sababu wageni walidhani ni kengele ya moto, nikaupunguza, na nikaacha ulie kwa tahadhari za juu tu.

Kama vifaa vyako vyote ni vya aina isiyojua SNMP, usijisumbue na haya yote. Programu yoyote ndogo ya kupingi itakupa kilekile. Kama unavyo vitatu au vinne vinavyoijua, pakua mashine hiyo usiku kwa kifurushi cha bei nafuu, na anza na rauta.