Baia, Italia: kuogelea juu ya mji wa Warumi uliozama

Nyota nne kati ya tano, na nyota iliyopotea naieleza kwanza. Matangazo ya safari hizi karibu yote yana picha ya sanamu za marumaru zimesimama chini ya maji. Ni kweli zipo, pale kwenye rasi ya Punta Epitaffio, kwenye ukumbi wa karamu wa Kaisari Klaudio. Ila ni nakala. Zile za asili zimetolewa na ziko makumbusho, ndani ya ngome iliyo kilimani hapo hapo Baia. Kampuni niliyokata nayo tiketi haikusema hivyo popote. Mwongozaji alitutajia tumeshavaa miwani na mrija. Halafu ziko mita kama tano chini. Usipojua kuzamia, na maji yakiwa na vumbi kidogo, utaambulia vivuli vyeupe.

Lakini nikipata nafasi narudi, kwa sababu ya sakafu.

Baia palikuwa mahali pa starehe pa matajiri wa Roma na makaisari wao. Ardhi ya pale, kwa sababu ya volkano ya Campi Flegrei, hupanda na kushuka polepole, na bahari ikaumeza ufuo wote taratibu bila kuubomoa kwa kishindo. Ndiyo maana hadi leo unaelea juu ya kuta, vyumba na barabara, na unajua kabisa hapa palikuwa mlango. Mwongozaji wetu alizama, akapunga kiganja juu ya mchanga, na vipande vidogo vya mawe ya sakafu, vyeusi na vyeupe, vikaanza kujitokeza, vimepangwa kwa pembe sita, kimoja baada ya kingine. Kasamaki kakaja mbio kudonoa vilivyofukuliwa. Alipomaliza kutuonyesha aliurudisha mchanga wote, maana ndio unaoilinda ile sakafu. Pamekuwa hifadhi tangu 2002, na huruhusiwi kwenda kuzamia kivyako.

Kwa upande wa samaki, mliozoea Mnemba au Watamu msitarajie matumbawe ya rangi rangi. Maji yenyewe yana ukijani. Kuna majani ya bahari, na makundi ya samaki wenye mistari ya dhahabu wanaoyala kama tasi wetu wanavyokula majani ya kwetu. Pweza nilimwona mmoja, kajibana kati ya matofali ya Kirumi, kabadilika rangi hadi nikampita kwanza.

Sasa ya vitendo. Uliza kabla ya kulipa mtakuwa wangapi kwa mwongozaji mmoja. Kundi letu lilikuwa kubwa mno, na kila aliyekunywa maji ya chumvi alitusimamisha wote. Miwani ya kuazima ilivuja, nikaibadilisha, na ya pili ikavuja kidogo pia. Mwenye yake aje nayo. Suti ya mpira usiikatae hata kama ni Juni, sisi wa pwani ya Afrika Mashariki baridi ile hatuiwezi. Chukua zamu ya asubuhi, kabla upepo na mashua hazijatibua maji.

Mume wangu haogelei. Yeye alipanda boti yenye vioo chini, akaona kuta vizuri tu, ila sakafu ile hakufunuliwa. Mchana tulipanda ngomeni pamoja tukazitazama sanamu zenyewe, zimetobolewa na wadudu wa baharini upande uliokuwa juu ya mchanga, upande wa pili laini kabisa.