Kukamua maziwa: mkono au pampu?

Siku 2 au 3 za mwanzo baada ya kujifungua, mkono unashinda bila ubishi. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza kabisa, huwa zito na hutoka matone tu. Kwenye pampu linaishia kunata ndani na mtoto hapati kitu. Kwa mkono unalikinga kwenye kijiko, tone kwa tone. Kidole gumba juu, vingine chini, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi ya titi. Sukuma kuelekea kifuani, kisha minya. Usivute chuchu, utaumia bure.

Maziwa yakishajaa, pampu ya umeme ndiyo mkombozi: dakika 15 hadi 20 umemaliza. Ila kikombe chake kinachokaa kwenye titi kisipokutosha, chuchu itachubuka. Na usiku wa manane nani ana hamu ya kuosha vipande vyote vile? (Niliwahi kuviacha kwenye beseni hadi asubuhi. Harufu yake!)

Maziwa yenyewe, kwa njia yoyote, hukaa saa 4 nje pasipo na joto kali, siku 4 kwenye friji.

Mimi mchana natumia pampu. Usiku, titi likiwa gumu kama jiwe, naminya kidogo tu kwa mkono lilainike, mtoto ashike.